Kuimarisha kituo cha pampu za maji taka Nairobi: mwongozo kamili kwa wasimamizi wa majengo na mafundi

Sehemu kubwa ya Nairobi haihitaji pampu ya maji taka. Ardhi imeinama kuelekea mashariki, na uchafu hushuka wenyewe kwa kufuata mabonde ya mito hadi mtambo wa kusafisha maji taka wa Kariobangi na mabwawa ya Ruai. Wanaohitaji pampu ni wenye majengo yaliyochimbwa chini kuliko bomba la barabarani: maghorofa yenye beismenti kule Kilimani na Kileleshwa, nyumba zilizojengwa bondeni kando ya mto, na sehemu tambarare ambako bomba halipati mteremko wa kutosha. Hapo maji taka hukusanyika kisimani, na pampu huyapandisha hadi kwenye manholi ya bomba kuu.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayebeba mzigo wa kituo kama hicho: meneja wa jengo, mwenyekiti wa kamati ya wakazi, keateka, fundi wa pampu, fundi wa stima. Mfano nitakaoutumia ni wa jengo la nyumba 60 lenye pampu mbili, ila hesabu ni zile zile hata kwa kituo kikubwa zaidi.

Kituo kikianza kusumbua, kamati nyingi hukimbilia kuagiza pampu kubwa zaidi. Mara nyingi hizo ni pesa zilizotupwa. Pampu kubwa haisaidii lolote stima ikipotea, boya (swichi inayoelea majini na kuwasha pampu) likinaswa na daipa, au paneli ya stima ikizama. Swali la kuanza nalo ni hili: pampu zote zikisimama saa hii, tuna muda gani kabla maji taka hayajaanza kutokea chooni kwa mtu? Nitauita muda wa kufurika. Kila hatua hapa chini ama inaurefusha muda huo, ama inahakikisha kuwa yupo mtu aliyepata habari na mwenye uwezo wa kufanya kitu kabla haujaisha. Kifaa kisichofanya lolote kati ya hayo mawili kingoje bajeti nyingine.

Kabla ya yote: mtu asiingie kisimani

Hili naliweka mbele kwa sababu kazi ya kuboresha kituo huwavuta watu kushuka shimoni mara nyingi kuliko siku za kawaida. Gesi ya hidrojeni salfaidi ikiwa kidogo hunuka mayai viza. Ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni hupooza pua. Harufu inapotea, na mtu anadhani hewa imetulia. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hulala chini, pale pale fundi anapoinama kufungua bolti. Methani nayo hulipuka ikikutana na cheche. Na katika ajali za namna hii mara nyingi hafi mmoja: wa pili ni yule aliyeruka kumwokoa wa kwanza.

Kwa hiyo kanuni ni kwamba kituo kizuri ni kile ambacho kila kazi ya kawaida hufanyiwa juu. Pampu zipandishwe kwa cheni kwenye reli zake, valvu zikae kwenye chumba chake pembeni, na mabomba yasafishwe kwa mtambo wa maji yenye shinikizo kutoka nje. Ikibidi kabisa mtu ashuke, basi kuwe na kipima gesi kilichokaguliwa (oksijeni isipungue asilimia 19.5, hidrojeni salfaidi isizidi sehemu 10 kwa milioni, gesi ya kulipuka isizidi asilimia 10 ya kiwango chake cha chini cha kulipuka), feni ya kuingiza hewa safi, mshipi wa mwili mzima uliofungwa kwenye winchi ya miguu mitatu, na watu wawili juu wasiotoka hapo kwa sababu yoyote. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamwajibisha mwajiri kwa haya. Fundi akikuambia amezoea kuingia hivi hivi, tafuta fundi mwingine.

Hatua ya 1: Pima kituo chako kabla ya kununua chochote

Unahitaji fimbo ndefu yenye alama kila sentimita 10, saa ya simu, klampu mita ya kupimia ampea, na daftari. Kazi yote inafanyiwa juu ya mfuniko.

Anza na kisima. Chukua kisima cha mraba cha mita 2 kwa mita 2. Eneo lake ni mita 4 za mraba, kwa hiyo kila sentimita 10 za kina ni lita 400. Zima pampu zote mbili na uangalie maji yanavyopanda. Yakipanda sentimita 10 kwa dakika 10, maji yanayoingia ni lita 40 kwa dakika. Sasa washa pampu ya kwanza peke yake. Maji yakishuka sentimita 30 kwa dakika 4, pampu imeondoa lita 1,200 kisimani, yaani 300 kwa dakika, na juu yake imeondoa zile 40 zilizokuwa zikiendelea kuingia. Jumla ni lita 340 kwa dakika, karibu lita 5.7 kwa sekunde. Rudia kwa pampu ya pili. Andika na ampea za kila fezi (kila waya kati ya zile tatu zinazoleta stima) pampu ikiwa inafanya kazi.

Linganisha na kibati cha pampu (bamba lenye namba zake) pamoja na mchoro wake wa utendaji. Ikiwa pampu ilinunuliwa itoe lita 8 na sasa inatoa 5 huku ampea zimeshuka, impela (gurudumu la ndani linalosukuma maji) imelika, bomba limeziba kiasi, au kuna hewa imenaswa. Ampea zikiwa juu, kuna matambara yamejisokota kwenye impela au beringi zinakufa. Ukisikia maji yakimwagika kurudi kisimani wakati pampu moja inafanya kazi, valvu ya kuzuia maji kurudi ya pampu ya pili imeachia, na unalipia stima ya kuzungusha uchafu ule ule.

Halafu hesabu muda wa kufurika. Nyumba 60 zenye watu 4 kila moja ni watu 240. Kila mmoja akimwaga lita 120 kwa siku, ni lita 28,800, wastani wa lita 1,200 kwa saa. Wakati wa kilele, saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, chukua mara tatu ya wastani: lita 3,600 kwa saa, yaani lita 1 kwa sekunde. Sasa pima nafasi iliyopo kutoka pale kengele inapolia hadi tundu la chini kabisa ambalo maji yanaweza kutokea. Tundu hilo mara nyingi si mfuniko wa kisima. Ni choo cha chumba cha walinzi au mfereji wa sakafu beismenti, na ni lazima ukalitafute kwa kutembea na kipima usawa. Ikiwa nafasi ni mita 1.2, una lita 4,800. Kwa wastani nafasi hiyo inajaa kwa muda wa saa nne. Asubuhi ya kilele ni dakika 80 tu.

Dakika 80 ndiyo namba ya kuandika kwa kalamu nyekundu ndani ya mlango wa paneli. Fundi wako akiwa Rongai, nje ya jiji, na foleni ya asubuhi imefunga, hafiki.

Angalia pia lile la pampu kubwa. Katika mfano huu, pampu inayotoa lita 5.7 tayari inazidi kilele zaidi ya mara tano. Ukubwa wake haukutokana na wingi wa watu. Ulitokana na bomba. Bomba la milimita 80 linahitaji maji yaende angalau mita 0.7 hadi 1 kwa sekunde ili mchanga na mafuta visitulie ndani, na lita 5.7 zinayapeleka kwa takriban mita 1.1. Ukiweka pampu kubwa zaidi, itamaliza kisima upesi na kufanya kazi kwa vipindi vifupi zaidi, na kila kuwaka huipasha mota joto.

Hatua ya 2: Tafuta kitu kimoja kinachoweza kuua pampu zote mbili

Hapa ndipo vituo vingi vinapoanguka, na ndipo inafaa ukae muda mrefu.

Kwenye karatasi karibu kila kituo kina pampu mbili, moja ya kazi na moja ya akiba. Ukimuuliza keateka, atakwambia, "Hiyo ya pili iko sawa, bosi, haijawahi kutusumbua." Muulize iliwashwa lini mara ya mwisho. Pampu iliyokaa ndani ya maji taka miezi mingi bila kuzunguka ina impela iliyoshikana kwa mafuta na mchanga, na siku itakapoitwa haitaitika.

Lakini hata pampu mbili nzima hazikupi usalama maradufu kama zinategemea kitu kimoja. Fuata waya na mabomba kwa kidole, ukiuliza kila mahali: hiki kikifa, je, zote mbili zinakufa? Boya moja la kuwashia linalozihudumia zote. Fyuzi moja ya mkondo wa udhibiti. Breka moja kuu inayoruka pampu mojawapo ikivuja stima, na kuizima na nzima. Valvu moja ya kuzuia maji kurudi iliyowekwa baada ya mabomba kuungana, badala ya kila pampu kuwa na yake. Paneli iliyotundikwa beismenti, mahali pa kwanza kujaa maji kisima kikifurika, hivi kwamba kufurika kidogo kunazalisha kufurika kukubwa.

Ukimaliza utakuwa na orodha. Ipange kwa maswali mawili: kitu hiki kinaharibika mara ngapi, na kikiharibika tunajuaje? Kitu kinachokufa kimya kimya, bila mtu kujua hadi siku kinapohitajika, kiende juu ya orodha hata kama ni cha bei ndogo.

Hatua ya 3: Kengele na boya la akiba

Kama una pesa za jambo moja tu mwaka huu, fanya hili.

Kituo kidogo kinaweza kuendeshwa kwa maboya, kikubwa kidogo kwa sensa ya shinikizo inayoning'inia majini na kupima kina wakati wote. Sensa ni nzuri, kwani inakuwezesha kuona maji yanavyopanda na kushuka siku nzima. Zile za mawimbi ya sauti zinazotundikwa juu hudanganywa na povu, mvuke na utando wa buibui. Mimi nisingeweka ya aina hiyo kwenye kisima chenye mafuta mengi ya jikoni. Vyovyote utakavyochagua, weka boya moja zaidi juu ya kiwango cha kawaida cha kuwashia, na waya wake upite moja kwa moja hadi kwenye rilei inayowasha pampu bila kupitia kidhibiti chochote cha kielektroniki. Kidhibiti kikiganda, boya hilo litaokoa jengo.

Boya hilo hilo lipige kengele. King'ora na taa nyekundu viwe langoni, maana beismenti usiku hakuna anayesikia. Ongeza kifaa cha laini ya simu kinachotuma ujumbe kwa watu watatu wasiosafiri pamoja. Kiwe na betri yake, na kitume ujumbe pia stima inapopotea, kwa sababu kengele inayokufa pamoja na stima haina kazi.

Na usimsahau soja wa zamu ya usiku. Saa nane usiku ndiye mtu pekee aliye macho. Mwandikie kadi fupi, ining'inie langoni: taa nyekundu ikiwaka, mpigie fulani, asiposhika mpigie fulani, funga valvu yenye kibao chekundu ya maji ya kufulia, usifungue mfuniko wa kisima. Mfanyie mazoezi. Soja wapya huja kila mara, na kila mpya anahitaji dakika kumi za kuonyeshwa.

Hatua ya 4: Mdomo wa dharura

Kwenye chumba cha valvu, baada ya valvu zote za pampu, ongeza kipande cha bomba kilichosimama chenye valvu yake na kapulingi ya kufungia haraka, kikiwa kimefungwa kifuniko. Siku pampu zote mbili zimekufa, unaleta pampu ya kukodi ya dizeli, unatumbukiza mpira wake wa kunyonya kisimani, unafunga ule wa kutolea kwenye kapulingi, na kituo kinaendelea. Ni kazi ya siku moja kwa fundi mzuri, na sijui kitu kingine cha bei hiyo kinachobadilisha hali ya kituo kiasi hicho. Hakikisha tu kipimo cha kapulingi kinalingana na mipira inayopatikana kwa wakodishaji, na kwamba lori linaweza kufika karibu. Egzosta (lori la kunyonya maji taka) isiyopita chini ya dari ya beismenti itabaki nje huku mnatafuta mipira ya kuunganisha.

Egzosta yenyewe ni msaada wa saa chache tu. Lita 28,800 kwa siku ni safari tatu za lori la lita 10,000, kila siku, katika foleni za jiji hili. Mwenye lori awe na leseni ya kusafirisha taka kutoka NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira), na amwage mahali palipoidhinishwa. Anayekutoza nusu bei huenda anamwaga mtoni.

Hatua ya 5: Stima

Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na ikapotea tena Novemba na Desemba mwaka huo huo. Usiku kama huo jengo lina hatari moja ambayo wengi hawaioni: matangi yako juu ya paa. Kwa sababu ya mgao wa maji, majengo mengi Nairobi yamejaza matangi, na maji ya tangi hushuka kwa uzito wake. Watu wanaendelea kuoga na kuflashi gizani huku pampu ya chini imelala. Kwa hiyo jenereta ambayo imeunganishwa na lifti, taa za ngazi na pampu ya kisima cha maji safi, ila si na pampu ya maji taka, imeunganishwa vibaya. Anza kwa kukagua hilo tu. Utashangaa ni mara ngapi pampu ya maji taka imeachwa nje.

Ukubwa wa jenereta hauhesabiwi kwa ampea za kawaida. Mota inayowashwa moja kwa moja huvuta mara sita hadi nane ya ampea zake kwa sekunde chache. Softi stata au draivu ya kubadili mwendo hupunguza mshtuko huo, na kidhibiti kiwashe pampu moja baada ya nyingine, kamwe si zote kwa pamoja. Halafu kuna mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa hapa ni takriban asilimia 82 ya lile la Mombasa. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye injini) hupoteza nguvu, na mota na draivu nyingi namba zao za kibati ni za hadi mita 1,000 tu. Mwambie muuzaji mwinuko huu kwa maandishi, akupe namba zilizopunguzwa ipasavyo.

Ndani ya paneli weka rilei inayolinda dhidi ya fezi kupotea na fezi kugeuzwa. Stima ikirudi na fezi mbili, mota ya fezi tatu isiyo na kinga huungua kwa dakika chache. Fezi zikigeuzwa, pampu huzunguka kinyume: inatetemeka, inatoa maji kidogo, na hakuna anayejua kwa nini. Weka pia kinga ya radi na ya mipando ya volti. Kila pampu iwe na breka yake, na kinga ya uvujaji yake.

Paneli ihame. Iende juu ya kiwango cha mafuriko, nje ya beismenti ikiwezekana, na kebo zipite kwenye mabomba yaliyozibwa ili gesi ya kisimani isipande hadi kwenye kontakta (swichi za kuwashia mota) zinazotoa cheche. Gesi hiyo hiyo hula shaba. Paneli iliyo karibu na kisima huwa na waya zilizogeuka nyeusi.

Hatua ya 6: Pampu, valvu na bomba

Kwa jengo la makazi mimi huchagua impela ya aina ya kimbunga, ile inayokaa nyuma ya njia ya maji na kuacha uwazi wa milimita 65 hadi 80. Inakula stima zaidi kwa kila lita, ni kweli, lakini pampu ndogo hufanya kazi dakika chache tu kwa saa, na bili ya stima si kitu ukilinganisha na kuita watu Jumapili kuondoa waipsi na pedi. Pampu za kusaga zinafaa pale bomba ni jembamba na njia ni ndefu. Visu vyake vinahitaji kubadilishwa, na kitambaa cha deki huvishinda. Kwa kituo kikubwa cha mtaa kinachofanya kazi saa nyingi, hesabu inageuka, na impela ya kujisafisha yenye ufanisi wa juu hulipa gharama yake.

Kabla ya kulipa, uliza sili (vizibo vya kuzuia maji kuingia kwenye mota) na beringi za pampu hiyo zinapatikana Industrial Area, mtaa wa viwanda wa Nairobi, leo au zinaagizwa nje. Pampu ya bei nafuu inayosubiri sili wiki sita ni pampu ya akiba isiyokuwepo. Nunua mbili zinazofanana, na ya tatu kama hiyo ikae stoo.

Valvu za kuzuia maji kurudi ziwe za mpira wa mviringo. Zile za kipepeo na springi hunasa nyuzi zikabaki wazi. Cheni na reli ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316: bakteria kwenye ukuta ulio juu ya maji huigeuza hidrojeni salfaidi kuwa asidi ya salfa, na cheni ya mabati hukatika siku unapoivuta. Asidi hiyo hula zege pia, kwa hiyo gonga kuta kwa nyundo kutoka juu na uangalie kama zinabomoka.

Sakafu ya kisima ijazwe pembeni iwe na mteremko wa angalau nyuzi 45 kuelekea pampu, ili mchanga na mafuta visiote pembeni. Umbali kati ya kuwasha na kuzima, sentimita 30 katika mfano wetu, unatosha: wakati wa kilele pampu itawaka kama mara mbili au tatu kwa saa. Usiuongeze sana ukidhani unaipumzisha. Maji taka yakilala kisimani saa nyingi huoza, na ndiyo harufu wanayolalamikia wakazi.

Zamu za pampu zibadilishwe kila inapowaka, lakini huduma kubwa zifanywe miezi tofauti, zisije zikachoka pamoja.

Hatua ya 7: Mvua

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliacha alama kwenye kuta za majengo mengi. Kama alama hiyo ipo kwako, ndiyo kiwango chako cha mafuriko. Paneli, midomo ya mabomba ya hewa na mifuniko viende juu yake, na uongeze nusu mita.

Mvua kubwa hukushambulia pande mbili. Kwanza, maji ya mvua yanaingia kisimani. Weka mita ya saa kwenye kila pampu na ulinganishe siku kavu na siku ya mvua. Pampu zikifanya kazi mara mbili au zaidi siku ya mvua, kuna mfereji wa paa au wa maegesho uliounganishwa na maji taka, au manholi inavuja. Rangi ya kupimia maji ikimwagwa kwenye mfereji wa paa itaonyesha. Kwenye udongo mweusi wa Eastlands na South C kuna jambo la ziada: udongo huo hujaa na kuvimba wakati wa mvua, hupasuka wakati wa kiangazi, na huvuta viungo vya mabomba vikaachana. Kutenganisha maji ya mvua na maji taka hurefusha muda wa kufurika kuliko kupanua kisima, na ni nafuu.

Pili, bomba kuu la barabarani linajaa na kutaka kurudi kwako. Valvu pekee haitoshi, maana yaweza kunasa uchafu. Bomba la kutoka kwenye pampu lipandishwe hadi juu ya usawa wa barabara, likunje, ndipo lishuke kuingia manholi. Hata bomba kuu likijaa pomoni, maji hayawezi kupanda mkunjo huo. Kabla ya kugusa manholi ya umma, pata idhini ya Kampuni ya Maji na Maji Taka ya Jiji la Nairobi. Na usijenge kamwe bomba la ziada la kumwaga mtoni "kwa dharura." Kanuni za ubora wa maji zinakataza kumwaga maji taka mtoni bila leseni, na chini ya mto wako kuna watu.

Hatua ya 8: Kufanya kazi huku jengo linaishi

Chagua Januari na Februari, au Julai hadi Septemba. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba si wakati wa kufungua kisima. Fuata mpangilio wa pesa na hatari: kengele kwanza, mdomo wa dharura wa pili, kisha paneli mpya ijengwe pembeni ya ile ya zamani na kuhamishiwa pampu moja moja. Kwa mpangilio huo, wakati wa kubadilisha pampu na valvu tayari una njia ya kukodi pampu na kengele inayofanya kazi.

Tangaza kwenye grupu la WhatsApp la wakazi, na utaje saa kamili. Angalia ratiba ya mgao wa maji: siku maji yanapofunguliwa kila nyumba inafua, na kisima kinapata kilele cha wiki. Kazi kubwa ianze saa nne asubuhi, kilele kikishapita, na mkandarasi akubaliane kwa maandishi kwamba hakuna kung'oa kitu kabla kibadala hakijafika kwenye ploti.

Hatua ya 9: Kivunje kwa makusudi

Kabla ya malipo ya mwisho, kaa na mkandarasi na mjaribu kuangusha kituo, kisima kikiwa na maji na watu wote wakiwepo. Zima breka kuu: je, jenereta inachukua, na pampu zinajiwasha zenyewe? Zima pampu ya kwanza: ya pili inaingia bila kuguswa? Chomoa waya wa sensa: boya la akiba linawasha pampu? Inua boya la kengele: simu zote tatu zinapata ujumbe, na soja anajua la kufanya? Unganisha pampu ya kukodi kwenye mdomo wa dharura na uisukume kweli. Rudia vipimo vya hatua ya 1 na uviandike. Namba za siku hii ndizo utakazolinganisha nazo miaka yote ijayo. Jambo lolote likishindwa, malipo yasubiri.

Hatua ya 10: Daftari

Kila siku keateka anaandika mita za saa za pampu zote mbili. Inachukua dakika moja, na ndiyo kipimo kinachosema mapema kuliko vyote: pampu iliyokuwa ikifanya kazi saa moja na nusu kwa siku ikifika mbili na nusu bila mvua, inaziba au inalika. Kila wiki inua boya la kengele kwa kamba na uandike ampea. Kila mwezi endesha jenereta ikiwa imebeba pampu, si tupu. Kila robo mwaka osha kisima, toa tabaka la mafuta, na ukague kinasa mafuta cha mkahawa kama jengo lina mkahawa.

Mara moja kwa mwaka pandisha kila pampu. Fungua plagi ya mafuta: yakiwa meupe kama maziwa, sili ya chini imepitisha maji, na una wiki chache kabla hayajafika kwenye mota. Pima ukinzani wa kihami cha kebo na mota kwa mega (kipima ukinzani cha volti ya juu). Ukishuka chini ya megaomu 1, pampu iende kwa fundi kabla haijaungua. Stoo iwe na boya, kontakta, rilei ya fezi na seti ya sili, vyote vimeandikwa namba ya kituo, na ufunguo uwe kwa soja na si mfukoni mwa mtu anayelala nyumbani.